Pambo la Kwanza Libaki Nyumbani

Nitaanza na unga, kwa sababu unga ndio ulionifanya nishike kalamu.

Oktoba ikiingia, mtu wa formasyo anafika na karatasi yenye picha. Unga vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja, maji kikombe kimoja. Kanda mpaka ulainike, sukuma kama chapati, kata nyota, toboa tundu la uzi, kausha kwa moto wa polepole, paka rangi. Chini ya picha wameandika kwamba hili ni pambo la Noeli la bei nafuu ambalo kila mtu anaweza kulitengeneza nyumbani kwake.

Nyumbani kwa nani? Fedha za wafadhili zilipopungua, kuanzia Julai 2023 wakimbizi wa Uganda tuligawanywa mafungu matatu: walio dhaifu kabisa wakabaki na asilimia 60 ya mgao wa chakula, wa katikati asilimia 30, na waliohesabiwa kwamba wanajiweza wakatoka mikono mitupu. Mwaka 2025 watu wapatao milioni moja wakaondolewa kabisa kwenye orodha. Halafu katika nyumba hizo hizo mtu anasema: chukua vikombe viwili vya unga, vitie chumvi mpaka visilike, vitundike ukutani. Kwangu vikombe viwili ni uji wa watoto wanne kwa asubuhi mbili. Mwanangu wa mwisho aliiona ile nyota ya mfano, akainusa, akauliza, "Mama, hii iko ya kula?" Kijana aliyekuwa akitufundisha akacheka. Mimi sikucheka.

Mtu asije akasema naandika kuyapinga mapambo. Nayapaka kila mwaka tangu 2020, hapa Bwera, na nitaeleza ninavyoyapaka ili mwenye kutaka naye apake. Ninaowapinga ni watu wa aina mbili, ambao wenyewe wanadhani wanapingana. Wa kwanza wanasema pambo ni mchezo wa watu walioshiba. Wa pili wanasema pambo ni zuri, ila liingie kwenye gunia, lihesabiwe, liende kuuzwa kwa wageni, ndipo litakuwa mradi. Wa kwanza ni majirani zetu, wa pili ni mashirika. Na wote wanakubaliana kwa jambo moja bila kujua: kwamba mkimbizi hapaswi kuwa na kitu kizuri nyumbani kwake bila sababu ya kukitolea maelezo.

Mimi ni mtu wa Oicha, kaskazini ya Beni. Tulivuka Kasindi kuingia Mpondwe mwishoni mwa 2019, wakati mauaji yalipozidi. Kadi yetu inasoma Kyaka II, na huko tuna kiwanja. Lakini mama mkubwa wangu aliolewa Bwera zamani, na Mnande wa Beni na Mkonzo wa Bwera wanaelewana bila mkalimani, kwa hiyo nusu ya mwaka niko huku nikifanya biashara ndogo. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kutembea na kufanya kazi. Nasema haya ili mfanyakazi wa shirika akisoma asianze kuuliza mimi ni wa faili gani.

Machi 2020 shule zikafungwa, na hazikufunguliwa zote hadi Januari 2022. Watoto wanne, chumba kimoja, mpaka umefungwa, biashara imekufa. Desemba ya mwaka ule nilikuwa na mayai sita ambayo jirani alinilipa badala ya pesa. Nikayatoboa badala ya kuyapasua. Hivyo ndivyo ilivyoanza, hakuna shirika lililonifundisha.

Yai linatobolewa juu na chini kwa mwiba wa mlimau, tundu la chini liwe kubwa kidogo. Ingiza mwiba, koroga kiini ndani mpaka kikatike, kisha puliza kwa juu. Kinachotoka kiangukie bakulini, maana ndicho chakula cha jioni. Osha ganda kwa kuliingiza maji na kuyatikisa mara mbili tatu, halafu liache kivulini siku nzima likauke ndani. Ganda lisilooshwa vizuri litanuka kabla ya Bonane, na utasikia aibu mbele ya wageni. Kama huna yai la kupuliza, nenda kwa yule anayepika rolex kando ya barabara. Yeye anatupa maganda kila siku. Yaliyokatika katikati vizuri unayageuza mdomo chini, unapitisha uzi juu, unafunga harage moja ndani, na hiyo ni kengele. Hailii, lakini mtoto ataitikisa tu mpaka ivunjike, na utatengeneza nyingine.

Rangi ndiyo watu wanayoiogopa, wanafikiri ni ya dukani. Nyeupe ni chokaa. Nyeusi ni mkaa uliosagwa ukachujwa kwa kitambaa. Kahawia na wekundu wa matofali ni udongo wetu huu wa kando ya barabara, unauloweka, unauacha mchanga uzame, unachota ule ulaini wa juu. Buluu ni ile ya kufulia nguo nyeupe, kipande kimoja kinatosha kijiji. Njano ni manjano ya mboga. Na hapa kuna jambo ambalo nililigundua mwenyewe nikafurahi kama mtoto: manjano yakigusana na chokaa mbichi yanageuka mekundu, mekundu ya kweli. Kwa hiyo ukitaka njano ibaki njano, paka kwanza maji ya wanga juu ya chokaa, yakauke, ndipo uweke manjano. Ukitaka nyekundu, changanya makusudi. Itafifia baada ya wiki kadhaa kuwa kahawia, ndiyo, lakini Noeli ni siku moja.

Cha kushikiza rangi ni wanga wa muhogo. Ukikuna muhogo ukauosha, yale maji usiyamwage. Yaache yatulie, chini ya beseni kuna utando mweupe. Kijiko kimoja cha huo, pika na maji kidogo mpaka uwe kama kamasi. Chakula hujakigusa, umechukua kilichokuwa kinaenda mtaroni. Brashi ni manyoya ya mbuzi yaliyofungwa kwenye kijiti, na mistari myembamba unaivuta kwa njiti ya ufagio. Ukimaliza na kukauka, sugua kidogo kwa kipande cha mshumaa, ganda litang'aa na unyevu hautaliharibu haraka.

Mengine nayapitia mbiombio. Vifuniko vya soda vilivyopondwa bapa. Vibuyu vidogo vilivyokauka na mbegu zake ndani. Ganda la mgomba lililosukwa. Kadibodi ya sabuni. Makopo ya mafuta ya msaada, yale yenye mikono miwili inayoshikana: ukiyakata kwa mkasi wa bati na kuyasugua makali kwenye jiwe, yanatoa nyota zisizokufa. Shirika lililokuwa na nembo ile limefungwa mwaka 2025, nyota zake bado ninazo.

Neno moja la ukali hapa, kwa wazazi na kwa wanaonunua vifaa vya formasyo. Msilete rangi ya mafuta ya makopo ambayo hamjui imetengenezwa na nini. Rangi nyingi za mafuta, hasa zile zinazowaka sana, nyekundu na njano, zimekuwa zikitiwa risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi ambacho ni salama kwa mtoto. Inaharibu ubongo polepole bila kelele. Pambo la mti wa Noeli liko kimo cha mtoto, na kitu kilicho kimo cha mtoto kinaishia mdomoni. Tulikimbia risasi ya bunduki. Hatuwezi kuiingiza nyumbani risasi ya kopo.

Na mshumaa usikae karibu na mti. Nimeona turubai ikishika moto, haikupi hata muda wa kuita jina la mtoto.

Mti wenyewe? Kila Desemba misipresi ya makanisa na shule inakatwa matawi usiku, na asubuhi anayetajwa ni mkimbizi, awe amekata au hajakata. Ugomvi wa kuni na wenyeji tunao wa kutosha. Milimani juu ya Bwera kahawa ikishavunwa wakulima hukata matawi yaliyochoka. Omba moja. Tawi la kahawa lililokauka lina mikono mingi midogo, ukilipaka chokaa linasimama jeupe kwenye kopo la mchanga, na Januari unalitia jikoni linaivisha maharage. Nimewahi kuombwa na mwenye shamba mwenyewe nimletee moja lililopambwa.

Sasa nirudi kwa majirani. Mama mmoja tunayeheshimiana sana alinikuta napaka, akasimama mlangoni, akasema, "Weye, uko napamba nyumba na hauna hata sombe ya kupika?" Hakuwa na ubaya, alikuwa anasema wanachosema wengi. Na wazee wa kanisa wamelisema kwa maneno makubwa zaidi, kwamba mikono hiyo ingefanya kazi ya maana.

Nilimjibu kwamba sombe sina, na hata nikiliacha hili yai sombe haitatokea. Lakini kuna jibu jingine ambalo sikumpa siku ile, ninaliweka hapa.

Sisi wa Beni na Oicha tumefundishwa kuiogopa Noeli. Desemba inafika na watu wanahesabu nani atalala wapi. Tarehe 25 Desemba 2021, siku yenyewe, bomu lililipuka kwenye mkahawa mjini Beni, watu wakafa wakiwa wamekaa mezani na vinywaji vya sikukuu. Tarehe 15 Januari 2023 likalipuka jingine kanisani Kasindi, wakati wa ubatizo. Kasindi ni pale ng'ambo, tunaona mabati yake yakiwaka jua. Zaidi ya watu 10 walikufa. Na wenyeji wetu hawakusalimika: usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, wengine wakachomwa bwenini. Desemba ya mwaka ule jirani mmoja alikuja kuniomba mayai matatu. Nilimuuliza anataka rangi gani. Akasema yaache meupe. Nikayapaka chokaa tupu, sikudai kitu, na sikuuliza zaidi. Aliyatundika mlangoni kwa ndani.

Je, hilo ni mchezo wa walioshiba? Anayetaka kutufanya tuiogope siku ile anafanya kazi yake vizuri. Sisi tukiiacha nyumba ikae tupu, kuta za udongo na turubai lenye nembo ya mtu mwingine, tunamsaidia. Sisemi yai lililopakwa linazuia panga, mimi si mjinga. Nasema mtoto wangu, aliyezaliwa njiani, anaijua Noeli kama siku ya kutafuta lake kwenye tawi: "Mama, yangu iko wapi?" Wakubwa wake wanaijua kwa namna nyingine. Tofauti hiyo nimeinunua kwa chokaa ya shilingi elfu moja.

Hao ni majirani, na nao tunaelewana mwishowe, maana hata yule mama wa sombe ana kengele mbili kwake sasa. Wa pili ndio wagumu.

Kuna shirika moja, silitaji, na vijana waliotumwa kutufundisha walikuwa wema. Walituandikisha wanawake 26, wakasema kuna wanunuzi Kampala na Ulaya wanaopenda vitu vya mikono ya wakimbizi. Tulifurahi, nani asingefurahi? Wakatoa mifano ya kufuatisha: mtu wa theluji mwenye pua ya karoti, mnyama mwenye pembe kama matawi, nyumba yenye moshi kwenye bomba. Rangi tatu tu, nyekundu, kijani, dhahabu. Mwenzetu mmoja, mwenye mkono mzuri kuliko sisi wote, alipaka mlima. Chini migomba, katikati mawingu, juu kabisa weupe. Mwalimu akaliangalia, akaangalia picha kwenye simu yake, akasema ni zuri lakini si la Krismasi, wanunuzi wanataka theluji.

Tulikuwa tumeketi nje. Nyuma ya mgongo wake palikuwa na Rwenzori.

Sasa ndugu zangu wa mashirika, mnaotoka Kampala na mnaotoka mbali zaidi, nyanyueni macho asubuhi moja mkiwa Kasese kabla mawingu hayajafunga. Ule weupe ulioko Margherita, mita 5,109 juu, ni theluji. Wakonzo wana neno lake, nzururu, na jina la Rwenzururu limetoka hapo. Walikuwa na neno la theluji wakati hakuna mtu aliyekuwa na karatasi yenye picha. Inapungua mwaka hadi mwaka, wazee wanasema zamani ilishuka chini zaidi, na pengine wajukuu zetu wataijua kwa yai lililopakwa tu. Na huyo mwanamke aliyeipaka aliambiwa hajui theluji.

Lakini hilo la mfano ningelisamehe. Jambo lililoniuma ni hili: kila mmoja alitakiwa kutoa mapambo 40, na hakuna aliyeruhusiwa kurudi na hata moja nyumbani, kwa sababu yamehesabiwa, ni mali ya mradi. Watoto walikuja jioni kutuchukua, wakasimama kwenye uzio wanaangalia. Wengine wetu hatukuwa na kitu chochote cha rangi nyumbani, na mikono yetu ilikuwa na dhahabu mpaka kwenye kucha. Tulilipwa nauli. Picha tulipigwa. Januari nilikwenda kuuliza habari ya wanunuzi, nikaonyeshwa stoo: magunia yamepangwa moja juu ya jingine, na mayai unajua hayapangwi hivyo.

Watu wa mashirika wana jibu lao, nimelisikia mara nyingi: bila soko hakuna mradi, na bila mradi hakuna fedha hata ya hiyo chokaa. Ni jibu la mtu anayejaza fomu, na fomu haina kisanduku cha kitu kilichotengenezwa kwa sababu mtu alikitaka. Nawaelewa. Lakini tuzungumze basi kuhusu soko, kwa kuwa mimi niko sokoni.

Desemba 2024 niliuza mapambo 143, kati ya Mpondwe na Kasese mjini. Kengele za ganda shilingi 200, yai zima 500, nyota ya bati 300, na aliyevuka kutoka Kasindi alilipa faranga tukakubaliana. Nilipotoa rangi, uzi, mayai niliyonunua na boda, nilibaki na shilingi elfu thelathini na nane. Ilinisaidia: madaftari, viatu jozi moja. Lakini ningeuza maharage mwezi ule ule ningepata zaidi. Kwa hiyo acheni kuyaita mapambo njia ya kujikimu. Ni kazi ya wiki tatu, ya kufurahisha, yenye faida kidogo, na mteja wake ni jirani. Yai haliwezi safari. Kutoka Bwera kwenda Kasese, Fort Portal, Kyenjojo, Kyegegwa, halafu ile barabara ya vumbi ya kuingia kambini, nikifika Kyaka II na mayai saba kati ya kumi nashukuru. Sasa wewe unayapeleka Ulaya.

Na hata yangefika. Mapambo ya kioo ya mti wa Noeli yalianza kutengenezwa katikati ya karne ya 19 Lauscha, mji mdogo wa milimani Ujerumani, na yalitengenezwa nyumbani kama haya yetu: baba anapuliza kioo, mama na watoto wanapaka rangi usiku. Kuanzia miaka ya 1880 Woolworth, tajiri wa maduka wa Marekani, akawa anayanunua kwa wingi. Maduka yake yakakua mpaka akajenga ghorofa refu kuliko yote duniani kwa wakati wake, New York. Waliokuwa wakipuliza kioo hawakujenga ghorofa. Leo sehemu kubwa ya mapambo ya dunia yanatoka Yiwu, China, na ndiyo hayo yanayoning'inia kwenye maduka ya Kasese, ya plastiki, kwa bei ambayo mimi siwezi kuishinda na sijaribu kuishinda. Anayepaka nyumbani kwa ajili ya tajiri wa mbali hapangi bei, apake kioo au apake yai.

Kwetu upande wa Ituri kuna mfano ninaoupenda zaidi. Wanawake wa Kimbuti wa msituni hupaka michoro kwenye magome ya miti yaliyopondwa yakawa laini kama nguo, kwa maji ya matunda ya porini na masizi ya mkaa. Mstari unaanza, unakatika, unageuka, hakuna aliyewapa karatasi ya kufuatisha. Leo magome hayo yanatundikwa kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani, wataalamu wanayasimamia kwa glavu. Lakini yalipakwa ili yavaliwe. Mtu aliyafunga kiunoni akacheza nayo, yakachafuka, na mwenzake akayaona mazuri. Mnunuzi alikuja baadaye akakuta kitu ambacho tayari kilikuwa na mwenyewe.

Mapambo yetu hayajawa na mwenyewe. Yanazaliwa yakiwa ya mradi.

Nimeitwa Kyaka II mwaka huu, safari hii niwe mwalimu. Barua imeniita "mkufunzi wa jamii" na imetaja posho, nzuri tu, nisiidharau. Nimewajibu kwa maandishi kwamba nitakuja, ila unga usiwepo mezani, wala kopo la rangi lisilosema lina nini ndani. Waniletee chokaa, buluu, manjano na mayai, na mayai yale yaliwe na waliohudhuria, siku hiyo hiyo, kwa chumvi na pilipili. Mfano wa kufuatisha sitaki. Atakayetaka kupaka mtu wa theluji apake, na atakayepaka mlima, mgomba, basi la Kasese au duara tupu, apake. Anayetaka kununua anunue kwa pesa mkononi siku ile ile, kwa bei anayoitaja mpakaji, kama tunavyofanya Mpondwe. Na kabla ya mtu yeyote kuhesabu chochote, kila mwanamke achague pambo lake la kwanza, alifunge kwenye kitambaa, aende nalo. Halitaandikwa kwenye daftari. Halitapigwa picha.

Hilo la mwisho ndilo lililowasumbua. Wamenipigia simu mara mbili kuuliza kama wanaweza kuandika angalau idadi ya yaliyokwenda nyumbani, kwa ajili ya ripoti. Nimewaambia waandike idadi ya mayai yaliyoliwa, inatosha, yai moja pambo moja. Wamesema watanijibu. Maganda nimeshaanza kuyakusanya, yako thelathini na moja juu ya kabati, na mpika rolex ameahidi mengine Jumamosi.